Santuri za Siti binti Saad: Somo kwa Wasikilizaji wa Kilwa na Lindi

Leo hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za sahani nyeusi, yenye upana wa inchi 10 na tundu dogo katikati. Wazee wetu waliiita santuri. Ilikuwa ikizunguka mara 78 kwa dakika moja, na baada ya dakika tatu hivi upande mmoja umekwisha, hapana budi uigeuze. Ikianguka sakafuni ilivunjika kama kigae cha chungu.

Kwanza chukua daftari lako uandike mwaka huu: 1928. Chini yake andika mji huu: Bombay, ambao leo waitwa Mumbai.

Mwezi wa Machi wa mwaka huo, mwanamke wa Unguja aitwaye Siti binti Saad alikuwa Bombay na wenzake. Alikwenda kwa mwaliko wa Gramophone Company, kampuni ya Waingereza iliyouza sahani zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Walikwenda ili sauti zao zinaswe. Waliporudi, na sahani zikaja nyuma yao zimefungwa katika makasha, zilikuwa miongoni mwa sahani za mwanzo kabisa kuuzwa madukani kwa lugha ya Kiswahili.

Najua kuna msikilizaji Kivinje au Mchinga anayejiuliza: mwimbaji wa Unguja ananihusu nini mimi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini jibu lake laanzia mbali kidogo, tena laanzia mlangoni pako.

Aliyefika Kilwa Kivinje ameliona Boma la Wajerumani pale ufukweni, na nyumba za kale zenye milango ya nakshi, nyingine zimebaki kuta tupu. Mji ule haukutajirika kwa samaki. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikimalizikia pale. Pembe za ndovu zilipita, na sandarusi, na watu. Kumbukumbu za forodha za miaka ya 1860 zaonyesha kwamba katika mwaka mmoja watumwa wapatao 20,000 waliweza kupita bandari ya Kilwa, na wengi wao walipakiwa kwenda Unguja. Simama hapo kidogo, uihesabu idadi hiyo kwa vijiji unavyovijua wewe.

Watu wale hawakupotea baharini. Waliobaki hai walilima mikarafuu, wakachota maji, wakazaa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mwaka 1897 utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba. Huku bara, Tanganyika, uliendelea kutambuliwa hadi mwaka 1922. Lakini sheria hufuta jambo kwa siku moja, jina hukaa. Mtu aliweza kuwa huru mbele ya hakimu, na bado akaulizwa barazani: wewe babu yako ni nani, alikuja na chombo gani?

Sasa tumtazame Siti. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, mwaka 1880. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Wazee wake walikuwa watumwa. Jamaa zake basi hawakupita Kilwa, na sitaki mtu aandike vingine katika daftari. Ila majirani zake wa baadaye, wale wa mtaa wa Ng'ambo waliokuwa wa kwanza kumsikiliza, wengi wao babu na bibi zao walitoka kusini: Wayao, Wanyasa, Wangindo. Na mtoto huyu wa Fumba, je, alipewa jina gani alipozaliwa? Aliitwa Mtumwa.

Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Kwangu mimi habari yote ya leo imo kati ya majina hayo mawili.

Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akaifuata kazi hiyo. Alibeba vyungu kichwani, akatembea navyo shamba kwa shamba na kuvinadi kwa kuimba. Wanunuzi waliijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata udi na matamko ya Kiarabu. Hakuwa amekwenda shule. Alijifunza kwa sikio. Akajiunga na wenzake wanaume: Subeti bin Ambar, Mbaruku Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban.

Taarabu haikuanza na Siti. Ilikuwako tangu enzi ya Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyempeleka kijana Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Lakini taarabu ile iliimbwa Kiarabu, nayo ilikuwa starehe ya jumba la Sultani na ya nyumba kubwa. Mpishi aliyekuwa jikoni aliisikia ikipita dirishani, akaipenda sauti, asielewe maneno. Siti aliweza kuimba Kiarabu, na alialikwa katika majumba hayo hayo. Kisha akarudi Ng'ambo akaimba Kiswahili, na maneno yake yakawa ya mambo ya mtaani: mapenzi, hila, wivu, hukumu za mahakama, watu waliodhulumiwa.

Basi turudi Bombay. Kunasa sauti siku zile kulikuwa kazi ya namna gani? Kabla ya mwaka 1925 hivi mwimbaji alisimama mbele ya tarumbeta kubwa akaimba kwa nguvu, na mtikisiko wa sauti yake ndio uliosukuma sindano ikachora nta. Vyombo vya sauti laini, kama udi, vilipotea. Mwaka 1925 kikaja kipaza sauti cha umeme, na Siti alibahatika kufika chomboni baada ya mabadiliko hayo. Kampuni ilikuwa na kiwanda cha sahani Calcutta tangu mwaka 1908. Sahani zilifanywa kwa utomvu wa mdudu wa Kihindi aitwaye laki, ule ule unaofanyiwa lakiri ya kufungia barua. Watu wa Kilwa watacheka kidogo hapa, kwani babu zao walichimba sandarusi na kuiuza ng'ambo ipake samani za matajiri. Mkasa wa utomvu haukuwa mgeni kwao.

Lakini jambo gumu lilikuwa zile dakika tatu. Wimbo wa taarabu katika arusi hauna haraka. Vyombo huanza peke yao, mwimbaji huingia taratibu, ubeti hurudiwa, mtu husimama kutunza, ubeti hurudiwa tena. Mbele ya mashine hapakuwa na mtunzaji wala arusi. Palikuwa na fundi, chumba kilichofungwa, na taa ya kuashiria kuanza. Ilibidi beti zipunguzwe, au wimbo ukatwe vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Kwa hiyo anayesikiliza sahani zile leo asidhani amesikia taarabu kama ilivyokuwa Ng'ambo usiku wa manane. Amesikia muhtasari wake. Hata hivyo sauti imo.

Vijana wa siku hizi huniuliza, hizo zilikuwa albamu? La, si kwa maana yenu. Neno albamu lilitoka katika kitabu chenye mifuko ya karatasi, ambamo mtu alizitia sahani zake kadhaa ili zisivunjike. Sahani ndefu, ya kuchukua nyimbo nyingi pande mbili, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, yaani miaka 20 baada ya safari ya Siti. Yeye aliuza nyimbo mbili mbili. Lakini kazi ya Bombay ilikuwa kazi moja, ya watu wale wale, na watu waliipokea kama kitu kimoja.

Waliipokeaje? Hapa nataka twende polepole.

Wanahistoria wametaja kwamba kufikia mwaka 1931 sahani zipatazo 72,000 za Siti zilikuwa zimeuzwa. Andika hesabu hiyo. Kando yake andika hii nyingine: katika hesabu ya watu ya mwaka 1931, Unguja na Pemba pamoja zilikuwa na watu wapatao 235,000, wakiwemo watoto wachanga. Sasa gawanya. Kama sahani zote zingebaki visiwani, kila watu watatu wangekuwa na sahani moja. Wenye gramafoni na wasio nayo, wenye nyumba na wanaolala bandani. Haiwezekani. Gramafoni ilikuwa chombo cha mwenye duka, karani, nahodha aliyefanya biashara nzuri, au mwenye mkahawa. Basi sahani zile zilikwenda wapi?

Zilikwenda zilikokwenda majahazi. Unguja wakati ule ilikuwa ghala la pwani nzima, toka Lamu mpaka Mikindani. Kilwa na delta ya Rufiji zilipeleka boriti za mikoko. Chombo kilichoshusha boriti hakikurudi kitupu. Kilirudi na nguo, na sukari, na vitu vya madukani. Kusini kwetu, Lindi na Mikindani palikuwa na mashamba ya mkonge, na penye mkonge palikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ewe msikilizaji wa Kivinje uliyeuliza hapo mwanzo, ndipo unapoingia wewe. Hesabu ya 72,000 haielezeki bila pwani yako.

Tena sahani moja haikuwa na msikilizaji mmoja. Mwenye mkahawa aliweka gramafoni mlangoni, na watu wakakaa kwenye mkeka na kikombe cha kahawa, wakasikiliza hadi sindano ikawa butu. Asiye na senti alisikiliza amesimama. Wanawake walisikiliza nyuma ya dirisha. Usipime mapokezi ya kitu cha namna hiyo kwa risiti za dukani tu.

Na walisikia nini kilichowashangaza? Wengine husema ni uzuri wa sauti, na sitabishana nao. Lakini sauti nzuri za Misri na za Bara Hindi zilikuwa zimekwisha kuuzwa madukani zamani. Mimi nasema kilichowashika ni kwamba kwa mara ya kwanza mashine ya Mzungu, iliyouzwa na tajiri wa Kihindi, ilizungumza maneno ya mama zao. Tena maneno yale hayakusemwa na bwana mkubwa. Yalisemwa na mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Mtu wa Kivinje aliyekuwa akificha asili ya bibi yake aliketi mkahawani, akasikia watu wakinyamaza ili wamsikilize mtoto wa watumwa.

Si wote waliofurahi. Waimbaji washindani wake walimtungia maneno ya kumdhihaki: kwamba alitoka shamba amevaa kaniki, hana sura wala ukoo, na pasipo sauti angekula nini. Yeye akajibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya taarabu, akieleza kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na mwenendo mwema. Ugomvi huo nao uliongeza wasikilizaji. Wenye maduka waliujua vizuri, nadhani, kuliko hata waimbaji wenyewe.

Upo pia ule wimbo wa Kijiti, ambao hadi leo hutajwa. Mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa Unguja. Aliyeshukiwa, Kijiti, alikimbia akavuka kwenda bara. Na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani kwa kosa la kileo. Wimbo ule uliuliza, kwa njia ya kulia, hii ni haki ya namna gani. Magazeti ya serikali hayakuuliza hivyo. Na mwaka 1928 huo huo watu wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja. Siti hakuwa mwanasiasa, wala sitaki tumvishe kanzu isiyo yake. Lakini sahani ilichukua malalamiko ya mtaa mmoja ikayafikisha mahali ambapo aliyelalamika asingefika kamwe.

Desturi ya kuweka mambo makubwa ndani ya beti haikuwa ngeni Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alikuwa amekwisha kutunga utenzi wa vita vya Maji Maji, akieleza waziwazi mateso ya watu chini ya Wajerumani. Huo ulisomwa kwa wenye kusoma, na kusimuliwa kwa wengine. Tofauti ya santuri ni kwamba haikudai msomaji. Aliyeijua alifu na asiyeijua walikuwa sawa mbele yake.

Tusidhani mambo haya yalikuwa ya pwani yetu tu. Julai 1927, miezi michache kabla ya safari ya Siti, kampuni ya Victor ya Marekani ilipeleka mashine mji mdogo wa Bristol, katika jimbo la Tennessee, ikawaita watu wa milimani waje waimbe nyimbo zao za shamba. Miongoni mwao alikuwa Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli mwenye kifua kikuu. Wenye elimu wa mijini waliwacheka watu wale kama washamba wa kaniki. Sahani zao zikauzwa kupita za wasomi. Ndio mwanzo wa biashara ya ule muziki wa Marekani uitwao kantri. Mwenye kampuni kule Tennessee na mwenye kampuni Bombay walikuwa wamegundua siri moja: maskini naye hununua, akisikia lugha yake.

Na dunia ilivyo ndogo! Sahani za Jimmie Rodgers zilifika mpaka Kenya, kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, aliwakuta wasichana wa huko wakiimba juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers lilivyotamkwa kwao. Walisikia sauti pasipo maneno, wakajitengenezea mtu. Hebu linganisha na mkahawa wa Kilwa. Pale hapakuwa na haja ya kubuni kiumbe. Maneno yalieleweka, na mwimbaji alijulikana, jina lake, kijiji chake na wazazi wake.

Kampuni nyingine zilipoona biashara hiyo zilikuja mbio. Columbia na Odeon zilikuja Afrika Mashariki kabla ya mwaka 1931 kwisha, zikanasa waimbaji wa Unguja na Mombasa. Kisha hali mbaya ya biashara iliyoanza Marekani mwaka 1929 ikafika hata kwenye bei ya mkonge wetu, na mtu asiye na mshahara hanunui santuri. Mwaka 1931 Columbia na Gramophone Company ziliungana. Vitabu vya hesabu ya faida vilikuwa London na Bombay. Vyungu vya Fumba havikuandikwa humo.

Siti aliendelea kuimba. Karibu na mwisho wa maisha yake alizungumza na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, naye akaandika wasifu wake. Hiki ni kitabu cha kufikiri sana, kwani wakati ule wasifu uliandikwa kwa masultani na mashehe. Kuandika wa mwanamke mfinyanzi lilikuwa jambo geni. Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Wasifu ulichapishwa mwaka 1958.

Karibu na wakati huo huo, Dar es Salaam, vijana waliotoka Kilwa walikuwa wamekusanyika na magitaa na tarumbeta chini ya Ahmed Kipande, wakajiita Kilwa Jazz Band. Hawakupiga taarabu, walipiga dansi, kwa mwendo uliotoka Cuba, nao pia kwa njia ya sahani zilizovuka bahari. Lakini waliimba Kiswahili, nao walilitia jina la mji wao juu ya bendi bila kuona haya. Jina lile la Kilwa, ambalo kwa bibi wa Ng'ambo lilikuwa jina la gati alilofungiwa minyororo, sasa lilikuwa limeandikwa juu ya ngoma.

Kazi ya nyumbani kabla ya somo lijalo ni hii. Mtafute mzee katika mtaa wako, umwulize kama nyumbani kwao palikuwa na santuri, ilinunuliwa wapi, na nani aliruhusiwa kuigusa. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, usiyasahihishe. Ukiambiwa kuna sahani darini, usiijaribu kwa sindano ya zamani, itakwaruzwa. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, uisimamishe wima, uiandike namba iliyo katikati yake. Tutaanza na namba hizo.